UZI: Huu upepo wa Dodoma unatoka wapi hasa?

Mtu wa Nala

Wakuu, salaam.

Kila ikiingia Juni hadithi ni ile ile. Mabati yanang'oka Nkuhungu, vumbi linapenya hadi kwenye sufuria lenye mfuniko, na kijiweni hakosekani mjuaji wa kutangaza kwamba Dodoma ina upepo kwa sababu ni jangwa. Mwingine atasema ni kwa sababu tumemaliza miti. Nafundisha jiografia kidato cha tatu na cha nne, na nimechoka kulijibu swali hili kwa kuchora chini na kijiti, kwa hiyo leo naliweka hapa. Mwenye haraka achukue hili moja aondoke nalo: upepo unaotupiga mwezi wa saba haukuzaliwa Dodoma. Unasukumwa kutoka Bahari ya Hindi ya kusini, huko ng'ambo ya Madagaska, na sisi ni kituo tu cha njiani. Na kinachousukuma ndicho hicho hicho kinachotunyima mvua.

Wasio na haraka tuanze na uzito. Hewa ina uzito. Pale pwani, mita moja ya ujazo ya hewa ni kilo 1.2 hivi. Ukichukua eneo la mita moja ya mraba na kuhesabu hewa yote iliyo juu yake mpaka inapoishia, unapata kama tani 10. Uzito huo ndio mgandamizo wa hewa, na kwenye usawa wa bahari wastani wake ni hektopaskali 1013. Mwitaliano Torricelli aliupima mwaka 1643 kwa zebaki ndani ya bomba la kioo. Mwaka 1648, shemeji wa mwanasayansi Mfaransa Blaise Pascal alibeba mabomba ya aina hiyo hadi juu ya mlima Puy de Dôme kule Ufaransa, akaona zebaki inashuka kadiri anavyopanda.

Sasa joto linaingiaje? Hapa ndipo vitabu vingi vinaruka hatua. Vinasema "hewa ya joto hupanda, hewa baridi huja kujaza nafasi", basi, yamekwisha. Si uongo, ila ni nusu. Chukua maeneo mawili jirani, moja linapigwa jua kali, jingine limepoa. Penye joto hewa inatanuka, na kwa kuwa chini kuna ardhi, haina pa kwenda ila juu, kwa hiyo nguzo yake inarefuka. Panda kilomita 5 angani ulinganishe: upande wa joto bado una hewa nyingi juu yako, upande wa baridi imebaki kidogo. Maana yake huko juu mgandamizo ni mkubwa upande wa joto, na hewa inamwagika kwenda upande wa baridi. Ikishamwagika, nguzo ya joto imepungukiwa, uzito wake chini unashuka. Nguzo ya baridi imeongezewa, uzito wake chini unapanda. Hapo sasa ndipo huku ardhini hewa inaanza kusukumwa kutoka penye baridi kwenda penye joto. Mchezo wote umeanzia juu. Sisi tunapokea matokeo.

Nitaendelea. Karibuni na maswali.

Mbishi Namba Moja

Mwalimu umeandika vizuri ila umejifunga goli. Mwezi wa saba Dodoma ni baridi, watu wanatembea na makoti. Joto letu liko Oktoba na Novemba. Kama joto ndilo linavuta upepo, mbona upepo mkali unakuja wakati wa baridi?

FundiBati Kizota

Mimi hektopaskali sizijui, najua kenchi na papi. Na najua kitu kimoja ambacho naomba mwalimu anieleze: kuanzia Juni mpaka Oktoba naezeka alfajiri tu. Saa kumi na mbili upepo umelala kabisa. Ikifika saa nne asubuhi unaamka, saa nane mchana ukishika bati moja juu ya paa linakuwa tanga, linakubeba wewe na nyundo yako. Jioni jua likizama unatulia tena. Kama unatoka huko ng'ambo ya Madagaska, unajuaje saa za Dodoma?

Mtu wa Nala

Maswali yote mawili ni mazuri kuliko ya wanafunzi wangu. Mbishi kwanza.

Anayeangalia joto la Dodoma peke yake hawezi kuuelewa upepo wa Dodoma. Upepo unatokana na TOFAUTI, na tofauti inayotuhusu mwezi wa saba ina urefu wa maelfu ya kilomita. Kusini ni majira ya baridi, na pale Bahari ya Hindi, karibu latitudo 30 kusini, panakuwa na mgandamizo mkubwa wa hewa unaoitwa Mascarene, kwa jina la visiwa vya akina Mauritius na Réunion. Ukisikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa utabiri utalisikia jina hilo mara kwa mara. Mwezi wa saba na wa nane ndipo unapokomaa, unafika hektopaskali 1024 hata zaidi. Wakati huo huo kaskazini ni kiangazi cha kuchoma. Kuanzia Uarabuni mpaka Pakistani na India kaskazini ardhi imechemka, na mgandamizo unashuka hadi karibu 1000, pengine chini yake. Sisi tuko katikati ya mteremko huo, ndiyo maana tunavaa makoti na huku bati zinaruka.

Lakini kwa nini Mascarene ipo hapo ilipo, mbali na barafu na mbali na ikweta? Hii ndiyo hadithi ya dunia nzima.

Jua linapiga wima zaidi karibu na ikweta. Hewa pale inapata joto na mvuke mwingi wa bahari, inapanda, mvuke unageuka mawingu na mvua, na kitendo hicho cha mvuke kugeuka maji kinatoa joto jingine linaloisukuma hewa juu zaidi. Inafika kilomita 15 hivi, inakuta dari, inatawanyika kwenda kaskazini na kusini. Huko juu inapoa taratibu, na mzunguko wa dunia unaikunja mpaka haifiki ncha. Karibu latitudo 30 kila upande inashuka. Hewa inayoshuka inabanwa, na ikibanwa inapata joto, kama nyuzi 10 kwa kila kilomita. Wingu haliishi kwenye hewa ya namna hiyo. Fungua ramani uone nini kiko karibu na latitudo 30: Sahara, Uarabuni, Kalahari na Namib, jangwa la Australia. Hakuna bahati mbaya hapo. Ni mkanda wa hewa inayoshuka, na chini yake mgandamizo ni mkubwa.

Kutoka kwenye mkanda huo hewa ya chini inarudi ikweta. Hiyo ndiyo inayoitwa pepo za biashara. Hewa nyingine inakwenda upande wa pili, kuelekea ncha, na kuwa pepo za magharibi, zile za latitudo 40 kusini ambazo mabaharia wa zamani walizipa sifa ya kunguruma. Ncha zenyewe zina baridi na mgandamizo mkubwa, zinatoa upepo wa mashariki. Kwa hiyo kila nusu ya dunia ina mizunguko mitatu. Halley, yule wa nyota yenye mkia, alichora ramani ya pepo za biashara mwaka 1686. George Hadley, ambaye kwa taaluma alikuwa mwanasheria, alieleza mwaka 1735 kwa nini hazivumi moja kwa moja kutoka kusini. Mzunguko wa kati ukaja kuelezwa mwaka 1856 na William Ferrel, mwalimu wa shule huko Nashville, Marekani, tena aliuchapisha kwenye jarida la madaktari. Walimu tuna historia, msituone hivi.

Alichosema Hadley ni hiki. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Ikweta inakwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa. Latitudo 25 inakwenda kama 1,510 tu. Hewa ikitoka huko kuja kwetu inafika kwenye ardhi inayokimbia kuliko yenyewe, inaachwa nyuma, kwa hiyo kwetu inaonekana inatoka mashariki. Hesabu kamili ilikuja na Mfaransa Coriolis mwaka 1835, na yeye alikuwa anashughulika na mashine zinazozunguka, wala hakuwa na habari na upepo. Kanuni unayobaki nayo: kusini mwa ikweta kila kinachosafiri mbali angani kinapinda kushoto, kaskazini kinapinda kulia. Hewa iliyotoka kusini kwenda kaskazini ikipinda kushoto, wewe uliyesimama Dodoma unaipokea kutoka kusini-mashariki. Angalia miti ya pale wazi njia ya Bahi imeinamia wapi.

FundiBati, usiku ardhi ya Dodoma inapoa haraka kwa sababu anga ni kavu na halina mawingu. Hewa iliyogusa ardhi inakuwa baridi na nzito, inalala kama tabaka. Upepo wa kutoka baharini haujaenda popote, unapita juu ya tabaka hilo, mara nyingi ukiwa na kasi kuliko mchana, ila haukufikii. Jua likipanda, ardhi inachemka, hewa ya chini inapanda na ya juu inateremka kuchukua nafasi yake, na inateremka na kasi yake. Saa nne asubuhi yako ndiyo muda tabaka linapovunjika. Kwa hiyo upepo haujui saa za Dodoma. Ardhi ya Dodoma ndiyo inayofungua na kufunga mlango.

FundiBati Kizota

Hapo nimekuelewa mwalimu. Kumbe usiku uko juu tu unanisubiri.

Kijana wa Chuo

Mwalimu shikamoo. Niko UDOM, na simu yangu ina kipimo cha mgandamizo. Hapa chuoni inasoma 880 na ushei. Dar pale ufukweni ilisoma 1012. Tofauti ni zaidi ya hektopaskali 120! Wewe umesema tofauti ya Mascarene na India ni kama 25 tu, tena kwa maelfu ya kilomita. Kwa hesabu hiyo hewa ya Dar ingetakiwa kupanda huku kwa kishindo kila siku na kubomoa nyumba zote. Mbona haiji?

Mtu wa Nala

Marahaba. Hili swali nitalitumia kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka, na jina lako sitaliweka.

Simu yako haijakosea. Dodoma mjini iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na nyinyi wa chuoni mko juu kidogo zaidi. Kila ukipanda mita 8 au 9 kutoka pwani, mgandamizo unashuka kwa hektopaskali 1, kwa sababu hewa uliyoipita haiko tena juu yako. Ndiyo maana maji huku yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi na maharage yetu yanachukua muda. Lakini tofauti hiyo ya juu na chini ina wa kuishika: uvutano wa dunia. Hewa ya chini inasukumwa kwenda juu na mgandamizo, na uzito wake unaivuta chini, viwili vinakaribia kulingana kabisa. Ndiyo maana hewa ya Dar imetulia ilipo. Ukipanda angani kutoka Dar mita 1,100 moja kwa moja juu ya Posta, utakuta kule nako mgandamizo ni 890 hivi, karibu sawa na wa Dodoma. Cha kulinganisha ni usawa mmoja na usawa huo huo. Hewa ya Dodoma na hewa iliyo juu ya Dar kwenye kimo cha Dodoma ndizo majirani.

Hii ndiyo sababu ramani za hali ya hewa hazichori 880 yako. Kila kituo kinakokotoa mgandamizo wake ungekuwa kiasi gani kama kingekuwa usawa wa bahari, ndipo inachorwa mistari. Na ukishafanya hivyo unaona jinsi tofauti zinazoendesha upepo zilivyo ndogo. Hektopaskali 2 au 3 kwa kilomita elfu moja zinatosha kukutimulia vumbi wiki nzima. Ukishuka ghorofa tatu tu unapata badiliko la hektopaskali 1, hata nywele haitikisiki. Lilaze badiliko hilo hilo juu ya ardhi, hewa inatembea, kwa sababu upande wa mlalo hakuna uvutano wa kuizuia. Kuna msuguano wa ardhi na ule mpindo wa Coriolis, basi.

Nahodha Mstaafu

Wanangu, nimesoma kimya. Mimi ni mtu wa Kilwa, miaka mingi baharini, sasa nimehamia Ihumwa kwa mwanangu. Sisi hatukuwa na hektopaskali lakini upepo tulikuwa nao kwenye damu. Kaskazi inaingia Desemba, inakaa mpaka Machi. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yanakuja nayo. Kisha matanga mawili, bahari haijui inataka nini. Halafu kusi, kuanzia Aprili, na Juni Julai kusi ina hasira, mtu mzima hatoki bandarini bila sababu. Ukitaka kurudi Bara Hindi unaondoka na kusi, mwanzo wake au mwisho wake.

Yule Mreno Vasco da Gama alitoka Malindi Aprili 1498 na rubani aliyempata pale pale, akavuka mpaka Calicut kwa wiki tatu na siku kidogo. Kurudi akajifanya anajua. Akang'oa nanga mwisho wa Agosti, kabla kaskazi haijaja. Akafika Malindi Januari 1499, zaidi ya miezi minne tangu aondoke Calicut, na watu wake wakafa wengi kwa kiseyeye. Bahari ile ile, mashua zile zile. Mwalimu tuelezee wewe, kwa nini upepo wenu wa kusini-mashariki ukifika kule Somalia unageuka na kuwa wa kusini-magharibi? Hilo tulilitumia bila kulijua.

Mtu wa Nala

Shikamoo mzee wetu. Heshima kubwa.

Jibu liko kwenye ile kanuni ya kushoto na kulia. Kusi ikiwa kwetu inapinda kushoto, ndiyo maana inatoka kusini-mashariki. Ikivuka ikweta, mpindo unageuka na kuwa wa kulia. Na mbele kule Asia inavutwa na mgandamizo mdogo. Basi inakata kona juu ya Kenya na Somalia na kuelekea India kutoka kusini-magharibi, imebeba mvuke wa bahari nzima. Mvua za masika ya India zinatokana na hewa ambayo sehemu yake ilipita mlangoni kwetu. Milima na nyanda za juu za Afrika Mashariki zinauzuia upepo huo upande wa magharibi, unabanwa na kuwa mkondo wa kasi unaopita kilomita moja na nusu hivi juu ya bahari. Mtaalamu Findlater aliuchambua miaka ya 1960, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Kaskazi ni kinyume chake. Januari Asia imeganda, Siberia ina mgandamizo unaopita 1030, na joto kubwa limehamia kusini kwetu. Hewa inateremka kutoka kaskazini, inapinda kulia, inakuwa ya kaskazini-mashariki.

Dereva wa Kibaigwa

Niulize la barabarani. Mwezi wa saba natoka Morogoro mawingu yamekaa juu ya milima, Dumila bado kijani kibichi. Nikishapita Gairo, kama mtu kachora mstari. Kahawia tupu mpaka Dodoma. Na upepo ni ule ule unaonisukuma mgongoni njia nzima!

Mtu wa Nala

Mgongoni kabisa, mafuta unaokoa. Ukirudi Dar unalipa.

Ulichokiona ni milima ya Uluguru, Nguru, Ukaguru na Rubeho ikifanya kazi. Kusi inatoka baharini na unyevu, lakini ni unyevu wa chini tu, kwa sababu juu yake kuna ile hewa kavu inayoshuka kutoka kwenye mkanda wa Mascarene, imekaa kama kifuniko. Wingu haliwezi kukua likapasua kifuniko. Unyevu huo mdogo ukikutana na mlima unapandishwa, unapoa, unaachia manyunyu upande wa mashariki. Upande wa pili hewa inateremka, inapata joto, inakauka. Tunachopokea sisi ni upepo ambao maji yake yamebaki Morogoro.

Mvua yetu inasubiri kitu kingine. Ule mkanda wa hewa inayopanda, ambao watabiri wetu wanauita Ukanda Mvua, hautulii ikweta. Unalifuata jua, ila kwa kuchelewa, maana ardhi na bahari zinachukua muda kupata joto. Jua linapita wima juu ya Dodoma karibu Oktoba 8 na tena karibu Machi 5. Oktoba hiyo joto linaua, lakini Ukanda Mvua bado uko kaskazini kwetu, na vumbi linaendelea. Unatufikia Desemba ukishuka kusini, unakwenda mpaka Zambia, Malawi na Msumbiji, unarudi, unatuaga Aprili. Ndiyo maana Dodoma ina msimu mmoja, na jumla haifiki milimita 600 miaka mingi. Watu wa Tanga na Arusha, ukanda unawapita mara mbili kwa nafasi, wana vuli na masika. Januari ukiona upepo wa Dodoma umegeuka na kutoka magharibi, furahi, hiyo mara nyingi ni hewa ya Kongo na imeshiba maji.

Mbishi Namba Moja

Kwa hiyo miti haihusiki? Tukate tu?

Mtu wa Nala

Sijasema hivyo na usinilishe maneno. Miti haitazuia Mascarene. Lakini ardhi iliyo uchi ndiyo inayogeuza upepo kuwa vumbi, na paa lililo peke yake uwandani ndilo linalopigwa kwa nguvu zote. Upepo unatoka mbali, madhara mengine ni ya kwetu.

Dada wa Area C

Naomba na mimi. Vile visulisuli vya vumbi vya mchana, bibi yangu anasema usipite katikati, kuna jini. Navyo vinazungushwa na Coriolis? Na pale Nanyuki, Kenya, niliona jamaa anamwaga maji kwenye beseni, upande huu wa ikweta yanazunguka hivi, akivuka hatua chache yanazunguka vile. Nilimpa hela.

Kijana wa Chuo

Hela imekwenda hiyo dada 😂

Mtu wa Nala

Imekwenda kweli. Pale kwenye ikweta mpindo ni sifuri, na hatua chache kutoka hapo ni kama sifuri. Jamaa anageuka na beseni lake upande anaoutaka, maji yanapata msukumo kabla hajafungua tundu. Kwenye beseni, sinki au choo, Coriolis haina nafasi. Inahitaji umbali wa mamia ya kilomita na muda wa saa nyingi.

Kisulisuli vilevile. Kinatokana na kipande cha ardhi kilichopata joto kuliko jirani yake, hewa inachomoka juu, inayoingia pembeni inazunguka kwa nasibu tu, kulia au kushoto. Simama uwanda wowote wa Chamwino saa saba mchana mwezi wa kumi, utaviona vya pande zote mbili. La jini namwachia bibi, ila ushauri wake wa kutopita katikati ni mzuri kwa macho.

Kimbunga cha bahari ndicho mtoto halisi wa Coriolis, na ndiyo maana hakipendi kuwa karibu na ikweta. Ndani ya latitudo 5 mpindo ni mdogo mno, hewa inaingia moja kwa moja na kuujaza mgandamizo mdogo kabla haijaanza kuzunguka. Msumbiji wanapigwa, Idai ya 2019 mnaikumbuka Beira. Sisi ni nadra, Lindi mwaka 1952, na Hidaya iliyofika Mafia Mei 2024.

Mama Zabibu

Mwalimu, mzee Nahodha, shikamooni. Nina shamba la zabibu Mpunguzi. Nataka jambo moja tu. Mwezi wa saba na wa nane, ndio karibu tunavuna, upepo unanipukutishia majani ya mstari wa mwanzo, na dawa nikipuliza inakwenda kwa jirani. Jirani wa mashariki alijenga ukuta wa tofali mrefu, nikajua nimepona. Nyuma ya ukuta ndiyo kumekuwa kubaya zaidi. Kwa nini, na nipande nini wapi?

Mtu wa Nala

Marahaba mama. Dawa piga alfajiri kama FundiBati anavyoezeka, kabla lile tabaka halijavunjika.

Ukuta usiopitisha hewa unaulazimisha upepo kuruka juu, na ukisharuka unaanguka upande wa pili kwa mzunguko. Ndicho kinachokuvunjia matawi. Kinga nzuri inapitisha karibu nusu ya upepo na kupunguza nguvu ya nusu nyingine. Miti iliyopandwa mistari miwili kwa kupishana inafanya hivyo. Itakulinda kwa umbali wa kama mara kumi ya kimo chake, yaani miti ya mita 6 inatuliza mita 60 hivi. Ipange ikate upepo, kwa hiyo weka upande wa mashariki na kusini, zikutane kwenye kona ya kusini-mashariki. Usiache pengo katikati, upepo ukipata mlango unaongeza kasi.

Na kumbuka kupunguza kasi kidogo tu kuna faida kubwa. Nguvu ya upepo inakwenda kwa mraba. Kutoka kilomita 40 kwa saa kwenda 20, msukumo haubaki nusu, unabaki robo.

FundiBati Kizota

Kumbe ndiyo maana! Upepo wa 80 haung'oi mara mbili ya ule wa 40, unang'oa mara nne. Na siku zote bati linaanzia kwenye kona na ukingo wa paa, katikati linabaki. Mimi siku hizi papi za ukingoni naziweka karibu karibu, na kenchi nazifunga kwa chuma bapa mpaka kwenye linta. Wateja wananiona mwizi wa misumari.

Mbishi Namba Moja

Mama, mkaratusi unakua haraka.

Mama Zabibu

Mkaratusi unywe maji yote ya zabibu zangu? Hapana mwanangu. Nafikiria mwarobaini na mijohoro, ile ipo na kiangazi hakiiui.

Mtu wa Nala

Sahihi kabisa, mama. Mwarobaini hapa umeshazoea. Mstari wa nje panda mwarobaini, wa ndani michongoma au kichaka chochote kifupi, ili chini kusibaki wazi.

Mama Zabibu

Basi mvua za Desemba zikianza naanzia kona ya kusini-mashariki. Miche ya mwarobaini kwa sasa inauzwaje huko mjini?

FundiBati Kizota

Usinunue mama. Nyuma ya kwangu Kizota inaota yenyewe kama magugu, njoo na gari uchimbe unayotaka.